Seva mbili hazitoshi, angalia na waya zinazoziunganisha

Wenye biashara wengi hapa Mwanza siku hizi wananunua seva ya pili (seva ni kompyuta inayotunza data na kuhudumia kompyuta nyingine) ili moja ikifa nyingine ishike kazi, na ni jambo zuri kabisa, ila ukiingia kwenye chumba chenyewe unakuta zote mbili zimechomekwa kwenye swichi moja ya mtandao (kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta), swichi iko kwenye ekstensheni moja, na kila kitu kinapita waya mmoja. Hiyo swichi ikiungua huna seva mbili, huna hata moja. Sisi watu wa TEHAMA tunaliona hili mara kwa mara na linatuumiza, kwa sababu mtu katoa hela nyingi halafu kilichobaki kilikuwa waya wa bei ndogo tu.

Mfumo unafanyaje kazi? Seva kuu inahudumia watu, na kila ikiandika kitu kwenye databezi (hifadhi ya kumbukumbu za biashara) inatuma nakala kwa mwenzake. Wakati huohuo inatoa ishara kwamba ipo hai, mfano kwenye VRRP (utaratibu wa vifaa viwili kupokezana IP moja) ishara hutoka kila sekunde 1 kama hujabadilisha mipangilio, na ya pili ikikaa sekunde 3 na kidogo bila kusikia kitu inachukua kazi. Kompyuta za kaunta hazielekezwi kwa seva A wala seva B, zinaelekezwa kwenye IP (anwani ya mtandao) ya pamoja ambayo inahama na mwenye zamu, na anayeipokea anatangaza kwenye mtandao "hii IP sasa iko kwangu" ili wote wabadilishe kumbukumbu zao. Aliyekuwa katikati ya kazi anaweza kukatika akaingia upya, basi.

Sasa hapa ndo penye hatari yenyewe. Seva ya pili haijui kama mwenzake kafa, inachojua ni kwamba haimsikii, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuchukulie kiwanda cha minofu ya sangara. Mapokezi panapopimwa samaki wako kwenye swichi ya kwanza pamoja na seva A, chumba cha baridi kiko swichi ya pili pamoja na seva B, na swichi hizo zimeungwa kwa waya mmoja. Waya ukikatika, seva A inaendelea kama kawaida, seva B inaona kimya inajitangaza kuwa kuu, na kila upande unaandika kwenye databezi yake. Namba ya shehena iliyotoka mapokezi inatoka tena chumba cha baridi ikiwa na samaki wengine, stoo inasoma hivi, mauzo yanasoma vile, na hakuna kengele inayolia kwa sababu kila mfanyakazi anaona mfumo unafanya kazi vizuri tu. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Waya ukirudishwa databezi mbili haziwezi kuungana zenyewe, lazima binadamu achague ipi ibaki, na ya upande mwingine mtaiingiza upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi, kama karatasi zipo. Kwa mzigo wa kwenda Ulaya, ambako kila boksi linatakiwa kufuatiliwa hadi lilikotoka, hilo ni janga. Afadhali mfumo usimame saa nzima kuliko hivyo.

Kwahiyo wape seva njia zaidi ya moja ya kusikiana. Njia ya kwanza ni mtandao wa kawaida wa watumiaji. Ya pili iwe waya wa moja kwa moja kutoka seva hadi seva bila swichi katikati, kadi zake za mtandao uzipe IP za peke yake, mfano 10.10.10.1 na 10.10.10.2, na usiziwekee geitiwei (njia ya kutokea kwenda mitandao mingine), humo ndo nakala zipite. Kama kadi ni ya gigabiti 1 itapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, yaani kunakili terabaiti 1 upya ni kama saa mbili na nusu, mwenye data nyingi aweke ya gigabiti 10.

Halafu weka mpiga kura wa tatu, yaani kifaa cha kusaidia kuamua seva ipi ishike kazi. Hata kompyuta ndogo isiyobeba data, ila iwe na umeme wake na isikae kwenye swichi ileile ya seva mojawapo. Seva ikijikuta haioni mwenzake wala mpiga kura inajua ni yenyewe iliyotengwa, inanyamaza. Kwa klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama moja) ya seva mbili mimi hili silichukulii kama la hiari.

Kuna lingine linawasumbua sana mafundi vijana: swichi yenye spaning tree (utaratibu wa kuzuia data isizunguke bila mwisho) ya zamani, waya ukiamka inasubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha data, mtu anadhani klasta imefeli kumbe ni poti tu, yaani tundu la waya kwenye swichi. Poti za seva ziwekwe kwenye hali ya kupitisha mara moja. Na kwa radi zetu za huku ziwani, waya wa shaba usitoke jengo moja kwenda jingine, tumia faiba, maana haibebi umeme.

Wanaotaka seva ya pili ikae Dar wajue ni zaidi ya kilometa 1,000, mwanga wenyewe ndani ya faiba unahitaji angalau milisekunde 10 kwenda na kurudi, ukisubiri jibu la Dar kwa kila muamala kaunta itakuwa nzito. Huko tuma nakala inayochelewa kidogo. Na jozi kuu ibaki jengoni: nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini Mei 2024 intaneti ilisumbua nchi nzima, lakini mauzo ya ndani hayana haja ya kupita baharini. Backup (nakala ya akiba inayowekwa pembeni) nayo usiiache, maana ukifuta kitu kimakosa kinafutika kwenye seva zote mbili.

Mwisho jaribu, tena kwa mikono. Jumapili jioni chomoa waya wa watumiaji, urudishe, chomoa wa nakala, zima swichi moja, halafu ng'oa umeme wa seva kuu, kila mara mtu akiwa kaunta anajaribu kuuza, na mwingine anaandika zimepita sekunde ngapi. Seva kuu ikiwaka usiiache ijirudishie kazi yenyewe, subiri nakala zilingane, kisha uihamishe wewe usiku wateja wakiwa hawapo.