Sponji haiokoi video: dhana potofu kuhusu stendi ya kamera ya kufunga kwenye gari

Natengeneza stendi za kamera za kufunga kwenye magari, kwa bomba, flatibaa na mashine ya kuchomelea. Wateja wangu wengi ni wapiga video wa harusi hapa Dar es Salaam. Mteja akifika na kukuta chuma kimekamilika, hata bei hajauliza, ataniuliza sponji iko wapi. "Fundi, si utaweka mpira kidogo hapo chini umeze mtikisiko?" Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naliandika lote, pamoja na mengine yanayokuja nyuma yake.

"Weka sponji, itameza mtikisiko"

Haimezi. Mara nyingi inauzidisha, na sababu yake inapimika kwa rula.

Kitu chochote kizito kilichokaa juu ya kitu kinachobonyea kina mdundo wake wa kucheza. Kamera juu ya sponji ni uzito juu ya springi. Mdundo huo unaujua kwa kuangalia sponji imebonyea kiasi gani baada ya kamera kukaa. Ikibonyea milimita 1, kamera itacheza karibu mara 16 kwa sekunde. Ikibonyea milimita 2, karibu mara 11. Ikibonyea milimita 10, mara 5. Hiyo ni hesabu ya springi safi. Sponji halisi huwa juu kidogo ya hapo, ila picha ni ileile.

Sasa njoo kwenye gari. Bodi lote hupanda na kushuka juu ya springi zake mara 1 hadi 2 kwa sekunde. Huko ni kuyumba kwa taratibu na hakuharibu video. Anayeharibu ni gurudumu. Tairi, rimu na vyote vinavyoning'inia navyo vina mdundo wao, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, na kila shimo, kila kiungo cha daraja na kila barabara ya vumbi yenye mawimbi huuamsha. Tena gurudumu lenye mzingo wa mita 2 hivi, gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, linazunguka karibu mara 14 kwa sekunde. Kama halijafanyiwa balansi, linapiga bodi mara hizohizo 14.

Weka namba hizo pembeni ya zile za sponji. Kipande cha sponji kinachobonyea milimita 1 au 2, ambacho ndicho kila mtu ananiletea, kinaipa kamera mdundo uleule wa magurudumu. Ni mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kila anaporudi, anapanda juu zaidi bila wewe kuongeza nguvu. Gari linaisukuma kamera yako kila inaporudi. Halafu video ikitoka imechafuka, mteja anaongeza sponji nyingine.

Kitu laini huanza kukinga pale tu mtetemo unaokuja unapozidi mdundo wake mara 1.4, na kinga ya maana inaanzia kwenye mara 2 na zaidi. Kwa hiyo, kukinga mapigo 10 kwa sekunde kunataka kamera iwe na mdundo wa 5 au chini, yaani ibonyee sentimita nzima au zaidi kwa uzito wake wenyewe. Kamera iliyolegea hivyo inalala kwenye kona na kuinamisha kichwa kila dereva anaposhika breki. Vifaa vya sinema vinavyofanya kazi hiyo vina springi zilizochaguliwa kwa uzito wa kamera ileile, na kitu cha kuzituliza kama shokapu inavyotuliza springi ya gari. Ukibadilisha lenzi tu, vinarekebishwa upya. Kipande cha godoro hakiwezi hayo.

Njia yetu sisi wa bomba na mashine ya kuchomelea ni ile ya upande wa pili: ugumu. Kamera iwe sehemu ya bodi. Ikitikisika pamoja na gari, boneti au dirisha lililo ndani ya fremu linatulia kabisa, na kinachocheza kidogo ni barabara kule nje. Jicho la mtazamaji linalipokea hilo bila shida, kwa sababu ndivyo anavyoona akiwa amekaa ndani ya gari. Mimi stendi yangu haitoki mpaka mdundo wake upite mara 30 kwa sekunde.

Ugumu nao si wingi wa chuma. Wapo wanaoniletea nondo ya milimita 12 wakiamini kwamba ndiyo ngumu kwa kuwa imejaa. Chukua bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1.5: uzito wake kwa mita ni karibu sawa na wa nondo hiyo, lakini kupinda linakataa zaidi ya mara 7. Na urefu ni adui kuliko wengi wanavyodhani. Mkono ukiurefusha mara 2, kamera ileile inaupinda mara 8. Ndiyo maana mkono mmoja mrefu unaotoka mlangoni hauponi, hata ukiuchomelea vipi. Nataka pembetatu: bomba tatu, sehemu tatu za kushika, kamera mahali zinapokutana, na kila bomba fupi kadiri picha inavyoruhusu.

Kipimo kipo, na simu unayo. Funga kamera, au jiwe lenye uzito wake, kwenye stendi iliyokwisha kufungwa kwenye gari. Bandika kipande cha karatasi nyeupe chenye nukta nyeusi pale kwenye kichwa cha stendi. Simu iwe kwenye tripodi, nje ya gari, ikirekodi mwendo wa pole wa fremu 120 kwa sekunde, karibu kiasi cha nukta kuonekana kubwa. Gonga bomba mara moja kwa mpini wa bisibisi. Kisha pitisha video fremu moja baada ya nyingine: nukta inakwenda juu, inashuka, inarudi juu. Safari hiyo nzima ikichukua fremu 10, stendi yako inacheza mara 12 kwa sekunde, ipo mikononi mwa magurudumu. Ikichukua fremu 4, ni mara 30. Ikiwa nukta haionekani hata kusogea, nenda ukarekodi.

Mpira una kazi moja kwenye stendi zangu: kulinda rangi. Nakata kipande chembamba cha tyubu ya tairi, nakiweka kati ya chuma na bati, nakaza mpaka kimebanwa kabisa. Kikibaki kinabonyea kwa kidole, nakaza tena.

Na injini? Ya silinda 4 ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 750 kwa dakika inapiga mara 25 kwa sekunde, na ukikanyaga mafuta inapanda juu haraka. Kwa stendi yenye mdundo wa mara 30, usirekodi picha ndefu gari likiwa limesimama linaunguruma. Likitembea, injini imeshapita hapo.

"Kamera yangu ina stabilaiza, hiyo inatosha"

Stabilaiza ya ndani ya kamera inahisi kugeuka kwa kamera na kujaribu kuituliza dhidi ya dunia. Kamera iliyofungwa kwenye gari inageuka na gari. Gari likikata kona, stabilaiza inapigana na kona, na kwenye video unaona boneti au dashibodi inaelea kushoto na kulia kama imekatika. Kama kuna sehemu ya gari ndani ya fremu, izime.

Wanaofunga simu wana sababu nyingine. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali, wa injini kubwa za pikipiki hasa, unaweza kuharibu utendaji wa kamera za iPhone zenye lenzi inayojituliza. Sehemu hiyo ndani ya simu inaelea na inaongozwa kwa sumaku. Mtu wa bodaboda anayebana simu yake kwenye usukani siku nzima alijue hilo.

"Kikombe cha kunyonya kikishashika, kimeshika"

Kikombe hiki cha mpira, kinachobana stendi kwenye bati la gari, hakina nguvu yake. Kinachokigandamiza ni hewa ya nje, ambayo pale usawa wa bahari ni karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 15 kwenye karatasi kinabeba kilo 170 na ushee, kama ndani yake hakuna hewa kabisa. Ndani huwa kuna hewa, na inazidi kuingia kila dakika.

Ukikifunga Dar na kupanda nacho Kitonga mpaka Iringa au Mbeya, hewa ya nje inapungua kwa karibu moja ya sita au zaidi, wakati ile iliyobaki ndani ya kikombe haijapungua. Simama juu, kipampu upya. Vile vyenye kijiti cha kupampu chenye mstari mwekundu ni vizuri kwa sababu hiyo: mstari ukichungulia, unajua umepungukiwa.

Na gari la harusi lina lake. Limepigwa polishi asubuhi ileile. Kikombe kinaweza kisibanduke, lakini kikateleza polepole kuelekea chini na kamera yote, maana kinachozuia kuteleza ni msuguano na polishi imeumaliza. Futa mahali pa kikombe kwa spiriti, pakauke, ndipo ufunge. Mate na maji ya sabuni vinasaidia kuziba lakini vinaongeza utelezi, sivitumii. Kabla ya kufunga, bonyeza bati kwa kidole gumba: likibonyea, sogea karibu na kingo. Sumaku kwenye boneti ya alumini au bampa ya plastiki haishiki kitu, na bado kuna watu wanakuja nayo.

"Bolti ya 6 inaingia kwenye kamera"

Inaingia mizunguko miwili mitatu, halafu inang'ang'ania, na ukiilazimisha umeshaharibu nyuzi za kamera. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Bolti ya milimita 6 ina nyuzi za milimita 1. Ile ya kamera ni milimita 1.27. Omba dukani bolti ya robo, wakupe hata ile ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, nyuzi zake ni 20 vilevile na inakubali. Isitokeze zaidi ya milimita 5 juu ya bamba, ukizidisha unasukuma sakafu ya kamera. Chini yake weka washa ya springi, na kwenye maungio ya bomba tumia nati zenye nailoni ndani.

"Upepo ndio utaing'oa"

Kwenye kilomita 100 kwa saa, upepo unaisukuma kamera ya kawaida kwa nguvu ya karibu kilo 1. Kwenye 50, robo ya hapo. Tuta ndilo la kuogopa: kamera na lenzi ya kilo 2 ikitupwa kwa mtikiso wa mara 3 ya uzito wake, stendi imebeba kilo 6 kwa kishindo kimoja. Mkague dereva kabla ya kukagua upepo.

Waya wa usalama unafungwa kutoka kwenye kamera yenyewe hadi kwenye chuma cha bodi au keria. Usifungwe kwenye kikombe au kwenye bomba la stendi ileile, maana vikianguka vinaanguka pamoja. Uwe mfupi, usiwe na ulegevu.

"Stendi ya nini? Kijana atakaa kwenye buti"

Hili sijazoea na sitazoea. Kila Jumamosi msafara unapita, mbele ya gari la maharusi kuna Noah au Alphard, mlango wa nyuma uko juu, na kijana amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, mikono yote miwili iko kwenye kamera. Hana mkanda. Hana cha kushika. Nyuma yake, mita chache tu, gari zito linakuja, na dereva wake anapiga honi, anaangalia matarumbeta kwenye kirikuu pembeni. Wazazi wa maharusi wanalipia hiyo video bila kujua imechukuliwaje.

Wanaotetea jambo hili wanasema mkono wa binadamu unatuliza kuliko chuma. Mkono unatuliza mtikisiko mdogo, ni kweli. Lakini tazama video hizo: kila tuta fremu inaruka, kwa sababu anayekaa ukingoni anajishikilia asianguke kwanza, kamera baadaye. Stendi ya bomba tatu kwenye sakafu ya buti, imekazwa kwa mikanda ya kufungia mizigo kwenye pete za chuma zilizomo humo, haishtuki. Kijana yule akae kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, anaangalia picha kwenye simu na kuanzisha kurekodi kutoka hapohapo. Kamera nyingi za sasa zinaruhusu hivyo kwa Wi-Fi. Dereva asipewe hiyo simu. Mwendo usizidi 40, lenzi iwe pana, kamera iwe chini karibu na usawa wa bampa: barabara iliyo karibu na lenzi inapita haraka kwenye picha, na msafara utaonekana una kasi kuliko ulivyo.

Kwa kazi hiyo ya buti, mteja akileta gari asubuhi, jioni anaondoka na stendi yake. Vipimo ninavyohitaji ni upana wa sakafu kati ya pete na pete, na uzito wa kamera ikiwa na lenzi na betri yake.