Kijana Akilewa, Usimwache Alale Peke Yake

Shule zikifungwa, idara yetu ya dharura hapa Nairobi hupokea vijana wa miaka 15 au 16 waliobebwa na wenzao kutoka kwenye sherehe za nyumbani. Wengi hufika wamechelewa kwa sababu mtu mzima aliyekuwapo alisema, "Mwache alale, itamtoka."

Tafadhali tuache kusema hivyo. Ini husaga pombe polepole, na hakuna kahawa, supu wala maji baridi ya kuliharakisha. Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu mtu akiwa amelala, kwa hiyo anayekoroma saa nne usiku anaweza kuzidiwa saa sita. Kijana hana mwili mkubwa wala mazoea, na sukari kwenye damu yake inaweza kushuka vibaya. Mlaze kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, ukae naye. Usimlazimishe kutapika. Ukimwita na kumfinya haamki, au anapumua kwa kukatizakatiza, amepatwa na degedege, amekuwa baridi au midomo imebadilika rangi, mkimbize hospitali. Tuambie ukweli kuhusu alichokunywa, maana tunauliza ili tujue tumtibu vipi.

Pombe isiyojulikana ilikotoka ni hatari zaidi, kwani huenda ina methanoli, alkoholi yenye sumu. Mwaka 2000 kumi kumi, pombe haramu ya bei rahisi, iliua zaidi ya watu 100 katika mtaa wa mabanda wa Mukuru hapa Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu neva ya jicho, na dalili huweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa, tumbo kusokota, macho kuona ukungu. Huyo asingojee asubuhi. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, lakini hufaa zaidi mgonjwa akifika mapema.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inataka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni. Hata hivyo mtoto hutumwa dukani amletee mjomba chupa, na wikendi kinywaji kikali hupita kwenye matatu ndani ya chupa ya soda huku sisi wazima tukitazama. Sianzi kwa kumlaumu mtoto. Ubongo wake unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hasa sehemu ya kujizuia, na anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa mraibu. Familia huanza kuyaona hayo kwa karo iliyopotea, ugomvi na ajali za boda boda.

Ukihitaji ushauri, piga 1192, laini isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Na ikiwa kijana amezoea kunywa kila siku, usimfungie chumbani ili aache ghafla. Kutetemeka na degedege za kuacha pombe huweza kuua, kwa hiyo aache akiwa chini ya uangalizi wa daktari.