Video ya maonyesho ni ya anayeingia katikati

"Baba, hii filme inaanzaka saa ngapi?" Kila tunapoonyesha sanaa ya video hapa Lubumbashi, swali hilo lazima liulizwe mlangoni, na mimi hulipenda kwa sababu linagusa kiini cha kazi yetu. Sinema ina saa yake: watu wanaingia pamoja, taa zinazimwa, wanatoka pamoja. Kwenye ukumbi wa maonyesho video inajirudia bila kukoma; mmoja anafika dakika ya tatu, mwingine ya kumi na saba, na wote wana haki sawa. Anayetengeneza video ya maonyesho anapaswa kumfikiria huyo anayeingia katikati tangu siku ya kwanza ya kupiga picha.

Wasanii wamelijibu jambo hili kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1963, huko Wuppertal, Ujerumani, Nam June Paik alijaza televisheni kwenye jumba la sanaa na kuzivuruga picha zake. Mtazamaji hakuwa na mwisho wa kuusubiri. Mwaka 2010 Christian Marclay alitoa The Clock, vipande vya filamu vilivyounganishwa kwa muda wa saa 24, ambapo saa unayoiona kwenye skrini ndiyo saa halisi ya pale ulipo. Ukiuliza ni saa ngapi, kazi yenyewe inakujibu.

Lakini njia inayonishika zaidi ni ya kuigawa picha. Nelson Makengo wa Kinshasa, katika Nuit debout ya mwaka 2019, anaweka picha tatu bega kwa bega: usiku wa Kinshasa umeme ukiwa umekatika, watu wanatafuta mwanga kwa tochi na vitaa vidogo, huku mradi wa Inga III, bwawa la kuzalisha umeme, ukiendelea kutangazwa. Picha moja inabaki nyeusi, ya pembeni inawaka kidogo, jicho linahama. Mtu wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyewahi kukaa gizani huku ng'ambo ya barabara taa zinawaka anaielewa hata kama ameingia sasa hivi. Hakuna hadithi iliyompita.

Richard Mosse naye alipeleka The Enclave kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili, mwaka 2013. Aliipiga huko Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa filamu inayonasa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, kwa hiyo majani mabichi yanatoka rangi ya waridi. Skrini zilisimama katikati ya ukumbi, ukawa huwezi kuziona zote kwa pamoja. Lazima utembee, na daima kuna kitu kinaendelea mgongoni mwako. Urembo ule juu ya vita vya watu wetu bado unanisumbua. Mpangilio wa ukumbi nauheshimu sana, maana vita vya Kivu kweli havionekani vyote kutoka sehemu moja.

Sisi hapa tuna biennale tangu 2008, ilipoanzishwa na Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao kwa jina la Rencontres Picha, na tangu mwanzo video ilikuwa na nafasi yake pamoja na fotografia. Kwa hiyo vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii wapo, na nawaambia waanze na mambo ya fundi.

Kwanza ni kiungo cha mwisho na mwanzo. Vichezeshi vingi, yaani mashine za kuchezesha video, vinatoa weusi wa sekunde moja kabla ya kurudia, na weusi huo unamwambia mtu "imekwisha, ondoka". Fanya fremu (picha moja moja inayounda video) ya mwisho iingiane na ya kwanza, kisha rudufu video mara nyingi ndani ya faili moja ndefu. Pili, umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde. Chini ya taa za ndani utaona mistari inapanda na kushuka. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kichezeshi kiwe kile kinachojiwasha chenyewe umeme ukirudi.

Sauti ndiyo inayoharibu maonyesho mengi. Kuta za saruji zinarudisha kila kitu, na video tatu zikikaa ukumbi mmoja zinakuwa kelele moja. Mapazia mazito, zulia, na spika ndogo karibu na benchi vinasaidia kuliko spika kubwa ukutani.

Na benchi liwepo, kazi ikizidi dakika kumi. Tena kuwe na manukuu ya Kiswahili, yaani tafsiri ya maneno iliyoandikwa chini ya picha. Tumevumilia mno kuona video zikionyeshwa Lubumbashi kwa manukuu ya Kiingereza peke yake, eti kopi ndivyo ilivyotoka Ulaya. Kutafsiri maneno ya dakika ishirini ni kazi ya siku chache tu. Msanii atutumie mapema faili isiyobandikwa maandishi, manukuu yetu yapate pa kukaa.