Je, wajua kwa nini harufu ya ubani humrudisha mtu kwenye dini aliyolelewa?

Mtu amelelewa kwenye chuo cha Kurani, akaanza na juzuu amma mpaka akashika msahafu. Akakua, akachagua njia nyingine: pengine taamuli ya kukaa kimya na kufuata pumzi, pengine mila za wazee wake. Ameamua akiwa na akili zake timamu. Kisha jioni moja anapita uchochoroni Bagamoyo, dirisha la jirani linatoa moshi wa ubani, na ghafla kifua kinalegea, koo linakaba, aya alizodhani kazisahau zinaanza kujisoma zenyewe. Wengi huingiwa na hofu hapo. Wanajiuliza: kumbe nilijidanganya?

Jibu linaanzia puani. Unachokiona na unachokisikia hupitia kwanza sehemu ya katikati ya ubongo iitwayo thalamasi, ndipo kisambazwe kwingine. Harufu haipiti njia hiyo kwanza. Neva zilizo juu ndani ya pua huipokea na kuipeleka karibu kabisa na amigdala, inayoshughulika na hisia, na hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu. Ndiyo maana mwili hutulia au hushtuka kabla hujatambua unanusa nini.

Tena kuna suala la umri. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden waliwapa wazee maneno, picha na harufu, wakawauliza kila kimoja kinawakumbusha nini. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye miaka 11 hadi 20. Harufu ziliwarudisha chini ya miaka 10. Huo ni umri wa chuo, umri wa mafundisho ya Komunio ya kwanza, umri wa kusinzia mkekani huku watu wazima wakiendelea na maulidi.

Na pwani yetu mtoto hukua ndani ya moshi huo. Ubani ni utomvu wa miti inayoota Somalia, Oman na nchi jirani. Gome huchanjwa, utomvu ukachuruzika na kukauka kuwa vipande vya manjano. Kwetu Bagamoyo bibi alifukiza kila Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa. "Mume wangu, nisogezee chetezo," bibi ananiambia mimi mjukuu wake kwa utani, naye kashika kipande cha ubani kati ya vidole viwili. Kikigusa kaa huchemka kwanza, kinatoa povu, kinaanza kuwa cheusi pembeni, halafu moshi mweupe unapanda ukiwa umenyooka mpaka upepo wa mlangoni uuvunje. Alikuwa akizungusha chetezo chumba kwa chumba, midomo ikinong'ona, na mimi nyuma yake nimeshika pindo la khanga.

Lakini nenda misa ya sikukuu kwenye Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868: padri naye anafukiza ubani. Nenda kwa mganga anayepunga pepo: ubani. Hapa ndipo ninapowaomba wenye hofu watulie na kufikiri. Kama kulegea kwa kifua kungekuwa hukumu juu ya imani iliyo ya kweli, kungehukumu kwa upande upi, wakati moshi huohuo unamliza Mkristo kwa ajili ya kanisa la mama yake na Mwislamu kwa ajili ya chuo? Isitoshe, ubani si nguzo ya Uislamu. Swala haihitaji chetezo. Mwili unakumbuka mahali ulipolindwa na watu waliokuwa hapo. Kuwakumbuka hao hakumlazimishi mtu kuiacha njia yake, wala kushika njia mpya hakumlazimishi kuwakana.

Bagamoyo yenyewe imejaa maisha ya namna hii. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa hapa utumwani akiwa mtoto, kutoka upande wa Kongo. Alisoma, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, yaani njia ya Kisufi, na zikri zake, hadi alipofariki mwaka 1931. Misheni nayo ililea watoto waliokombolewa utumwani, waliozaliwa kwenye mila za bara na kukua Wakristo. Hao hawakuchagua kung'olewa kwao, na sipendi kuwalinganisha kirahisi na anayechagua leo akiwa huru. Ila mji huu umejengwa na watu ambao ibada ya utotoni na ya utu uzima havikuwa kitu kimoja.

Mimi leo nakaa kwenye taamuli kila asubuhi, na Alhamisi nafukiza. Sioni ugomvi kati ya viwili hivyo.

Wapo ambao moshi huo hauwatulizi hata kidogo. Aliyechapwa bakora chuoni, au aliyetishiwa jehanamu kila jioni, hunusa ubani moyo ukamwenda mbio, kwa sababu amigdala hutunza hofu vilevile. Mtu huyo asilazimishwe kukaa kwenye moshi kwa jina la heshima kwa wazee. Atoke nje, na ndugu wamwache bila maswali. Kumbukumbu ya hofu kwa kawaida haifutiki, ila ubongo unaweza kujifunza jambo jipya juu yake: harufu ileile, kidogokidogo, mchana, dirisha wazi, karibu na mtu anayemwamini, na yeye mwenyewe ndiye mwenye mamlaka ya kuzima kaa.