Vita vya manowari kwa timu: watu wanavyodhani na sheria ilivyo

Huu ni mchezo wa karatasi: timu mbili zinaficha meli, kisha kwa zamu kila moja inataja mraba wa kupiga kwenye uwanja wa wenzake, hadi upande mmoja uzamishe meli zote za mwingine. Meli huzama miraba yake yote ikishapigwa. Kila timu inahitaji karatasi mbili za daftari la miraba. Kwenye kila karatasi chora uwanja wa miraba 10 kwa 10, herufi A hadi J juu, namba 1 hadi 10 ubavuni. Uwanja wa kwanza mnaficha meli zenu, wa pili mnaandika mnakopiga kwa wapinzani. Meli ni tano: ya kubeba ndege ina miraba 5, manowari kubwa 4, mbili zina miraba 3 kila moja, na boti ya doria 2. Jumla miraba 17. Mchezo wenyewe hauna ugumu. Ugomvi huja pale watu watatu wanapokaa dhidi ya watatu na kila mmoja amekuja na sheria aliyoizoea kwao, akiamini ndiyo pekee iliyopo.

Dhana: ni bahati tu, piga popote.

Timu inayopiga ovyo tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama hairudii mraba, itatumia kwa wastani mapigo 95 kuzizamisha meli zote. Hiyo ni karibu uwanja mzima. Miraba haina thamani sawa. Hesabu njia zote ambazo meli tano zinaweza kulazwa, kwa mlalo au kwa wima, zikapita juu ya mraba mmoja. Kwa A1, iliyo kwenye kona, ni njia 10. Kwa E1, katikati ya ukingo, ni 22. Kwa E5, katikati ya uwanja, ni 34. Ndiyo maana mapigo ya kwanza huanzia kati.

La pili ni kuruka. Boti ya doria ina miraba 2, kwa hiyo ukipiga mraba mmoja na kuacha mmoja, kama rangi za ubao wa drafti, hakuna meli itakayopita katikati ya mapigo yako. Miraba 50 inatosha kuzigusa zote. Boti hiyo ikishazama, iliyo fupi kuliko zote ni ya miraba 3, basi panua hatua: piga mmoja, acha miwili. Timu nyingi husahau hapa zikaendelea na hatua ileile, na mapigo yanapotea bure.

Dhana: meli iliyobanwa pembezoni ni salama.

Nusu ya ukweli. Ni kweli si rahisi kupatikana kwa pigo la kwanza. Lakini ikishaguswa, haina pa kujificha. Pigo lililopata katikati ya uwanja linamwachia mpigaji pande nne za kujaribu, kwenye ukingo tatu, kwenye kona mbili tu. Isitoshe, wapinzani nao wanajua kwamba watu hupenda kingo. Weka mbili pembezoni, nyingine ndani, na zisilale zote upande mmoja.

Dhana: meli haziruhusiwi kugusana, na ukipata unapiga tena.

Hizo ni sheria za kweli, ila si za mchezo huu wa meli tano. Katika toleo la plastiki ambalo Milton Bradley walianza kuliuza mwaka 1967, meli zinaweza kukaa ubavu kwa ubavu mradi zisishiriki mraba wala kulala mshazari, na kila zamu ni pigo moja, upate usipate. Katika mchezo wa penseli unaopendwa Urusi, meli ni kumi: moja ya miraba 4, mbili za 3, tatu za 2, nne za mraba 1. Huko hazigusani hata kwa pembe, na aliyepata huendelea kupiga.

Tofauti hiyo si ndogo. Pale meli zisipogusana, kuzamisha meli ya miraba 4 katikati ya uwanja kunakupa bure miraba 14 inayoizunguka: unaifuta yote, hakuna kitu. Sasa fikiria timu moja inafuta miraba hiyo, na nyingine imelaza boti yake humohumo. Mtatafuta boti hiyo hadi uwanja uishe, kisha mrushiane maneno. Ulizeni kabla ya kuchora.

Dhana: timu yenye watu wengi ina mapigo mengi.

Mapigo ni ya timu, si ya kichwa. Wanne dhidi ya wawili, bado kila timu ina pigo moja kwa zamu. Katika mtindo wa salvo idadi ya mapigo hufuata meli zenu zilizobaki juu ya maji zamu yenu inapoanza: meli tano mapigo matano, moja ikizama manne. Meli iliyojeruhiwa bado inahesabiwa.

Gaweni kazi: msemaji, mwandishi, na mlinzi wa uwanja wenu anayejibu mapigo ya wapinzani. Pigo ni lile lililotamkwa na msemaji. Mwenzake akiropoka “D7!” wakati wa mashauriano, hilo si pigo. Wekeni na muda, dakika moja inatosha.

Dhana: kutaja mraba hakuna shida.

Hapa ndipo mechi nyingi za timu zinapoharibikia, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Msemaji anasema “i, sita”. Je, ni I ya Kiswahili, au E kama inavyosomwa kwa Kiingereza? Mwingine anasikia “tisa” badala ya “sita”. Mlinzi anatazama I9, anajibu “maji”, na manowari iliyo E6 inaendelea kuelea.

Dawa ni majina ya miji: A ya Arusha, B ya Bagamoyo, C ya Chalinze, D ya Dodoma, E ya Embu, F ya Fuoni, G ya Geita, H ya Handeni, I ya Iringa, J ya Jinja. Timu inayopigwa irudie mraba kwanza, “Embu sita”, isubiri “ndiyo”, ndipo ijibu: maji, imepigwa, au imezama. Sekunde tatu zaidi kwa kila pigo, na hakuna kubishana.

Dhana: jibu lisilo sahihi ni wizi.

Mara nyingi jicho limeteleza safu moja. Meli zichorwe kwa wino kabla ya pigo la kwanza, ili asiwepo wa kuzihamisha, na mapigo yaandikwe kwa namba za zamu, 1, 2, 3, badala ya alama ya X. Kosa likigundulika, zamu yake inaonekana: rekebisheni jibu, na waliodhulumiwa wapewe pigo la ziada. Mwisho wa mechi karatasi zote zifunuliwe mezani.

Dhana: aliyemaliza kwanza ameshinda, basi.

Kwa sheria ya kawaida, ndiyo. Ila timu iliyoanza, ikimaliza, imepiga zamu moja zaidi. Kwa mechi ya haki, wapinzani wamalizie zamu yao. Wakizamisha meli ya mwisho kwa zamu hiyo, ni sare.