Taji la Machi halikuwa kipimo pekee

Wapenzi wengi wa mpira wa kikapu huamini kwamba timu ya wanaume ya chuo kikuu cha Marekani isiyowahi kutwaa taji la Machi, yaani ubingwa wa mashindano ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani) yanayochezwa hasa mwezi huo, haijawahi kuwa bingwa wa kweli. Si ajabu, maana leo mashindano hayo ndiyo makubwa kuliko yote ya vyuo.

Lakini yalianza mwaka 1939, yakiwa na timu 8 tu. Mwaka mmoja kabla, mashindano mengine, ya timu zilizoalikwa, yaitwayo NIT, yalikuwa yameshaanza New York, na kwa miaka mingi kuyashinda kulikuwa heshima kubwa. Mwaka 1950 timu moja ilibeba mataji yote mawili katika msimu uleule! Mashindano ya Machi yalifikia timu 64 mwaka 1985. Kulipima taji la mwaliko la miaka ya 1940 kwa macho ya leo ni kuwapunja wachezaji wa zamani, na hilo huniuma.

Ukitaka kuhakiki, linganisha orodha za timu zilizoshiriki mashindano yote mawili mwaka unaoutafuta, kisha soma kurasa za michezo za magazeti ya wakati ule.