Mashuti mengi sio kucheza vizuri, hasa kwenye hoki ya barafu

Juzi kwenye banda la mpira hapa Nkuhungu tunasubiri mechi ya usiku, dogo mmoja akatuwekea kwenye simu hoki ya barafu, Canada na Latvia, robo fainali ya Olimpiki ya Sochi 2014. Mashuti 57 kwa 16. Banda zima likasema basi Latvia wamepigwa nyingi. Kumbe ni 2-1 tu, na goli la ushindi la Shea Weber limekuja zimebaki kama dakika saba, kipa wa Latvia, Kristers Gudlevskis, kaokoa 55 peke yake.

Sasa watu wanadhani mwenye mashuti mengi ndo kacheza. Ukweli, shuti linalohesabiwa ni lile ambalo bila kipa lingeingia. Likigonga mwamba likarudi halipo, beki akijitupa akalizuia halipo. Ila ukisukuma kile kisahani cheusi toka mbali kikaenda taratibu mpaka miguuni kwa kipa, umeandikiwa shuti moja, sawasawa na jamaa aliyebaki yeye na kipa tu, na mimi hapo ndo huwa nakataa kabisa kubishana kwa namba tupu. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo 1.22, kipa na yale mavazi yake analijaza, akikuona vizuri toka pembeni humfungi kirahisi. Anafungwa akihamishwa kwa pasi upande huu kwenda ule, au akizibwa macho, au kikimponyoka na mtu yupo hapo mdomoni mwa goli.

Kuna hesabu nyingine ya mashuti pia, inaitwa Corsi, inahesabu hadi yaliyozuiwa na yaliyotoka nje. Inasaidia kujua nani alikuwa na mchezo, ila kwa yenyewe haikwambii shuti limepigwa wapi.

Dhana nyingine ni kwamba mwenye mashuti machache akishinda kabahatisha. Chukua Olimpiki ya Lake Placid 1980, Wasovieti 39, Marekani 16, Marekani wakashinda 4-3. Kipa Jim Craig aliokoa 36, sawa, lakini igawe ile mechi: vipindi viwili vya kwanza ni 30 kwa 10, cha tatu ni 9 kwa 6 tu, na humo ndo Wamarekani Mark Johnson na Mike Eruzione wakafunga. Jumla inakuficha hilo. Na sisemi shuti la mbali ni takataka, maana mwisho wa kipindi cha kwanza Dave Christian alipiga la mbali, kipa wa Wasovieti, Tretiak, akalitema, Johnson akamalizia imebaki sekunde moja. Lile la mbali lilikuwa na mtu anayelifuata, tofauti iko hapo.

Halafu anayeongoza mara nyingi anarudi nyuma, aliye nyuma anapiga kila anachokipata, namba zake zinapanda tu.

Canada wenyewe hao hao wa Sochi, nusu fainali Marekani waliwapigia mashuti 31, wakatoka 1-0 Canada. Mashindano mazima wamefungwa magoli matatu kwenye mechi sita. Ubora wao mimi nauona hapo kuliko kwenye zile 57.

Dogo akarudisha video nyuma, safari hii hatukuangalia namba, tukawa tunaangalia nani kasimama mbele ya kipa.